Nani Atalaza Pejo ya Agogo

Papa Riziki,

Kwanza nikupe habari ya Pejo, maana nakujua, ungeuliza gari mbele ya kuuliza watu. Imepona. Lakini tulia, usikimbilie mwisho. Siku zote ulinikatiza katikati ya maneno, "Fupisha, Kindu, fupisha," leo mi njo nasema na we huna njia ya kunikatiza. Natamani ungenikatiza.

Nimekaa kwenye benchi yako, hapa garaje, kwenye kambi yetu ya wakimbizi, Dzaleka. Baridi imeshuka, na upepo wa Dowa unaleta vumbi mpaka kati ya meno. We uliondoka wakati wa mvua. Tulikuzika viatu vikizama kwenye matope, waimbaji wa kanisa lenu wakiimba Kibembe, na mi binti Mwislamu wa mji wa Kindu nimesimama nyuma yao, nakusomea Fatiha yangu kimya kimya. Nilijua ungesema nini. Ungesema huyu naye ameanza kuchanganya waya.

Mama Riziki yuko. Anashona bado, lakini cherehani yake siku hizi inalia asubuhi tu. Mchana anakaa mlangoni na kitambaa mapajani, sindano imeingia, haitoki. Kiti chako hakuna anayekikalia. Mteja mmoja wa Dowa Boma alikuja na pikipiki yake, hakuwa na habari ya msiba, akakivuta akae, na mi nikamfokea mpaka akarudi nyuma. Baadaye nilimwomba radhi. We unajua ulimi wangu.

Na mi? Mi niko. Ndugu zangu walipanda ndege zamani, wako huko kwenye theluji, wananitumia picha. Hapa kambini nilikuwa na wewe na Mama Riziki, na ukuta wa matofali ya udongo kati ya nyumba yenu na chumba changu. Ukuta wenyewe mwembamba, nilikuwa nasikia hata ukikohoa. Kila jioni mbele ya kulala sauti yako ilikuwa inapita pale ukutani: "Kindu, umelaza?" Na mi najibu, "Nimelaza, Papa." Basi. Hapo njo siku ilikuwa inaisha.

Mtu wa mjini ukimweleza neno hilo anakushangaa. Humu kambini taa za wengi wetu ni za betri. Unafunga waya za taa juu ya betri, taa inawaka. Ukitaka kulala, unachomoa waya mweusi, taa inazima, betri inapumzika mpaka kesho. Na kama betri ni ya gari ya mteja, ndiyo kabisa. Jioni waya mweusi unatoka na betri inaingia ndani ya nyumba, maana ukiiacha nje asubuhi utakuta tundu tu. Hayo yote we uliyaita kulaza. Ulikuwa unalaza kila kitu, taa, gari, pikipiki za watu, hata redio ya Mama Riziki akiwa bado anaisikiliza. Ukinikuta nimefunga garaje bila kulaza, ulikuwa unanitazama kama nimesahau mtoto barabarani.

Hata ulipopata kazi Lilongwe, ya kuendesha gari ya Agogo siku za kazi na kurudi kambini mwisho wa wiki, kwa ruhusa na wakati mwingine bila ruhusa, unajua mwenyewe, hata wakati ule jioni simu yangu ilikuwa inalia mara moja na kukatika. Bipu moja tu. Hiyo ilikuwa swali lako. Na mi nakubipu, hiyo njo jibu. Kuna watu wana ndoa na hawazungumzi hata kiasi hicho.

Sasa simu hailii na ukuta hausemi. Nimelala mara nyingi na taa ikiwaka, Papa. Si kwamba nasahau. Nakaa nangoja kuulizwa, usingizi unanichukua hivyo hivyo, asubuhi betri imekufa. Sikumwambia mtu, hata Mama Riziki. Ningeanzia wapi kumwambia?

Nilikuwa katika hali hiyo Agogo alipopiga simu.

Unamjua kuliko mimi, lakini niache nimseme, maana mi nimemjua vizuri baada yako. Mjane wa mtaa wa Area 47, Lilongwe, mwalimu wa zamani, mfupi, watu wote wanamwita Agogo, bibi, na yeye anamwita kila mtu mwanangu na anamkemea kila mtu. Pejo ni ya marehemu mume wake. Watoto walimwambia aiuze, akagoma. We uliikuta iko juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, ukaiamsha waya kwa waya mpaka ikakohoa, mpaka ikatembea. Kila waya ya mle ndani ni mkono wako. Ulipokufa, Agogo hakutaka dereva mwingine. Anaendesha mwenyewe, taratibu, pua karibu na kioo, kanisani na sokoni, basi.

Alisema gari haiwaki. Tangu msiba wako, akiiegesha jioni, asubuhi betri imekauka. Vijana wa jirani waliisukuma mpaka wakaanza kujificha wakimwona anatoka na ufunguo. Akaita fundi mmoja wa Area 25. Fundi akasema betri imezeeka, akafunga mpya. Mpya nayo ikafa. Hapo akina mama wa kanisa lake wakaanza kunong'ona kwamba ni we unarudi usiku kuiendesha, wakataka kuja kuiombea gari. Agogo alicheka akinisimulia hilo. Kisha akasema lile alilonipigia simu. Fundi amefungua boneti mara ya pili na kusema ugonjwa uko kwenye waya za yule mkimbizi. Ni kazi mbovu, siku moja itachoma gari na nyumba pamoja. Kesho kutwa anakuja kuzing'oa zote na kuweka zake.

"Mwalimu wako aliniachia gari mgonjwa?" Aliuliza hivyo. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayekuomba useme hapana.

Nikasema hapana. Nilisema haraka, bila kupima kitu, kisha nikamwomba anipe siku moja kabla ya huyo fundi kufika. Akanipa. Simu ilipokatika nikaanza kupanga vifaa vyako kwenye mfuko.

Papa, hata kazi yangu ilikuwa imeanza kukauka. Wale wa Area 47 waliokuwa wananiita kwa sababu ni mwanafunzi wako, hawakuniita tena. Neno la waya mbovu lilikuwa limetembea. Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Nguo zako Mama Riziki amegawa, kama inavyotakiwa. Koleo lako limelegea, mpini wa nyundo nimeubadilisha. Garaje yenyewe imeanza kunuka mimi. Kitu pekee duniani ambacho mikono yako bado imekishika ni ile Pejo, na mtu anakuja na koleo kuing'oa, na huku anaharibu jina lako.

Asubuhi nikachukua kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka kwenye lami, nikashuka Lilongwe na mfuko wako wa vifaa. Mama Riziki aliniuliza naenda wapi na mfuko ule. Nikasema naenda kuona mgonjwa.

Pejo ilikuwa uani, nyeupe, imeoshwa. Agogo anaiosha hata kama haitembei. Betri alikuwa ameipeleka kwa jirani ikajazwa usiku, imerudishwa mahali pake. Nikafungua boneti, na kitu cha kwanza mkono wangu ulichofanya, bila kuuliza kichwa, ulichomoa waya mweusi. Kumbuka hapo, nitaparudia.

Nikatoa balbu yako ya kupimia, ile ndogo yenye mikia miwili. Nikaishika katikati, mkia mmoja kwenye betri, mwingine kwenye waya mweusi. Milango imefungwa, taa zimezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Agogo. Gari ikiwa haina ugonjwa, balbu haiwaki hapo. Iliwaka. Si sana, lakini iliwaka.

"Iko mutu mule anakunywa betri." Nilisema kwa sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa yako kabisa, na lafudhi yako ya kwenu Fizi. Agogo alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi miguuni. Akauliza nazungumza na nani. Nikasema na gari. Akasema hata we ulikuwa unaongea nayo.

Ulinifundisha vizuri, hilo siwezi kukataa. "Usiulize gari. Uliza waya, moja moja." Nikaanza kwenye fyuzi. Nachomoa moja, natazama balbu, naiweka kofiani, naenda nyingine. Ya honi, balbu inawaka. Ya taa za mbele, inawaka. Ya wipa, inawaka. Ilipofika ya redio nikasimama kidogo. Redio ile unajua ilikotoka. Niliitoa kwa mjomba wangu sokoni, kabla naye hajapanda ndege, nikakuuzia, na we ukazunguka kambi nzima ukisema batu ya Kindu banaweza kukuuzia hata kivuli yako mwenyewe. Niliomba Mungu iwe redio, Papa. Kama ni redio, aibu ni yangu, we umetoka safi. Nikachomoa fyuzi ya redio nikiwa nimefumba macho.

Nilipofumbua, balbu ilikuwa inawaka.

Nikaenda kwenye altaneta, ile inayojaza betri gari ikitembea, maana ulisema altaneta nzee inaweza kunywa kwa siri. Nikafungua waya zake. Balbu inawaka. Nikafunga tena. Agogo akaleta nsima, ugali wao, na majani ya maboga, nikala vitonge vichache kwa heshima, nikarudi kwenye boneti. Fyuzi zote ziko kofiani, na balbu bado inanitazama. Nilikuwa nimeshaelewa. Kama hakuna fyuzi inayoizima, basi kuna waya usiopita kwenye fyuzi, unaokunywa palepale kwenye betri. Waya wa namna hiyo hautoki kiwandani. Unafungwa na mtu.

Nikainama nikatazama upande wa pili wa betri. Chini ya nati kubwa, nyuma ya waya nene, kulikuwa na waya mwembamba mwekundu. Na juu yake kipande cha kitenge.

We na tepu mulikuwa maadui. Ulisema joto inayeyusha gundi, tepu inaachia, moto unatoka nje. Ulikuwa unachana vitenge vya Mama Riziki vilivyochoka, unapitisha kwenye nta ya mshumaa, unazungusha kwenye kiungo, unakaza kwa meno. Hakuna fundi mwingine Malawi nzima anayefanya hivyo. Na kitenge chenyewe nilikijua, kile cha ndege wa manjano. Nikachomoa ule waya mwekundu. Balbu ikazima.

Kwa hiyo fundi wa Area 25 alisema kweli.

Nilikaa chini, mgongo kwenye tairi. Agogo kutoka barazani alikuwa hanioni. Nikufiche nini, nilitaka kuudanganya ulimwengu. Nilitaka kuukata waya, kuutia mfukoni, na kusema ni panya. Agogo angeamini, fundi angebisha kidogo na kuondoka, na jina lako lingebaki safi. Panya hana jina la kuharibika. Nilishika hata koleo. Lakini we ulikuwa unanipiga vidole nikitaka kukata waya ambao sijui unakokwenda, na vidole vyenyewe vilikumbuka. Nikaamua nitakata, lakini kwanza nione.

Unakwenda mbali huo waya wako. Ukaingia ndani kwenye tundu karibu na miguu ya dereva, ukapita chini ya kapeti, umefungwa kitenge kila baada ya nafasi, vizuri, umenyooka, hata nilipokuwa na hasira niliona ulivyonyooka. Ukapita chini ya kiti cha nyuma, nikakuta manyoya ya kuku toka enzi zile. Ukatokea kwenye buti, ukaingia pembeni nyuma ya kile kibao kinachofunika jeki. Nikaurudisha waya mwekundu kwenye betri, nikaurudisha na mweusi, nikaja na bisibisi, nikafungua kibao.

Mle ndani mulikuwa munawaka taa.

Balbu ya pikipiki, imekaa kwenye kikombe ulichokikata kutoka kwenye kopo la nyanya. Mwanga wake unaangukia kwenye jeki na spana ya magurudumu, vimepangwa kama vyombo vya mgeni. Nikatafuta swichi. Nikapapasa nyuma ya kopo, chini ya kibao, pembeni ya mfuniko wa buti. Hakuna swichi. Nikafuata waya tena kwa vidole mpaka mbele, labda umeiweka karibu na usukani. Hakuna.

Hapo njo nilicheka, Papa. Nilicheka peke yangu uani kwa mtu mpaka Agogo akasimama na blanketi lake.

Nani kati yetu anaweka swichi kwenye taa? Ulifunga taa ya Pejo kama unavyofunga taa ya nyumbani kwako. Inawaka siku zote, na ukitaka kuizima unachomoa waya mweusi. Mchana gari inatembea, betri inajazwa, taa haina madhara. Jioni unalaza gari, kama unavyolaza kila kitu. Mi mwenyewe, kitu cha kwanza nilichofanya asubuhi ni kuuchomoa ule waya, na sikuona kwamba nimefanya kitu. Mtu wa Area 47 hafanyi hivyo. Mtu wa Area 25 hafanyi hivyo. Wao wanazima ufunguo, wanaingia ndani kula.

Nikamuuliza Agogo, Papa Riziki akishaegesha gari jioni alikuwa anafanya nini. Akasema ulikuwa unafungua boneti, unainama, unasema maneno kidogo kwa lugha yako, unafunga taratibu. Kila jioni, bila kukosa. Yeye alikuwa anakuona kutoka dirishani. Alifikiri unaiombea gari, akaona ni mambo yako na Mungu, hakukuuliza. Ukishafunga boneti, yeye anafunga pazia. Alikuwa amezoea hivyo. Baada ya msiba kijana wa jirani aliukuta waya mweusi umechomoka, akaurudisha, na hakuna aliyeuchomoa tena.

Nikamwonyesha taa. Alijishika mgongo akainama mpaka uso ukaingia ndani ya buti. Akaigusa jeki. Kisha akasema ameikumbuka siku yenyewe. Mulikuwa munatoka mazishini huko Dowa, tairi likapasuka jua likiwa limeshaingia, ukatafuta jeki kwa kupapasa, ukajikata kidole, na yeye akalalamika kwamba kwenye gari ya mume wake mtu hawezi hata kuona jeki. Ulimwambia safari nyingine utaona, Agogo. Yeye alifikiri unamtuliza tu, na tairi halikupasuka tena.

Sikumdanganya. Nilimwambia waya ni wa Papa Riziki, na betri zake mbili zimekufa kwa ajili ya waya huo. Nilimweleza habari ya kulaza. Nilimwambia hukuacha gari mgonjwa. Ulifunga waya kama mtu ambaye atakuwepo kila jioni. Nilipotamka hilo nikageuka, nikajifanya natafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilikukasirikia pale, usifikiri. Mbona hukumwambia mwanamke wa watu? Mbona hukuniambia mi? Lakini nani anatangaza kwamba jioni anafunga mlango wake? Homa ilikuchukua ukiwa kambini, umekuja kupumzika tu, na ulisema Jumatatu unarudi kazini. Ulimwomba Mama Riziki akupigie pasi shati. Hukujua. Sisi wote hatukujua. Na kule Lilongwe kila Agogo alipoiegesha gari na kuingia ndani, taa yako ilibaki ikiwaka mle peke yake, imefungiwa nyuma ya kibao, inamulika jeki ambayo hakuna anayeitafuta, mpaka betri inakwisha.

Agogo alifuta machozi kwa pembe ya blanketi. Kisha akanikemea kwa nini sijamaliza nsima.

Jioni fundi wa Area 25 akaja kupima kazi yake ya kesho. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maneno yamejaa mdomoni. Agogo akamshika mkono akampeleka kwenye buti. Akatazama taa, akafuata waya kwa macho, akagusa kitenge na kidole. Akauliza hii ni nta? Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema ameona magari yamefungwa vibaya zaidi na makampuni. Kisha akaenda kwenye mfuko wake akachukua swichi ndogo ya mlango aliyoitoa kwenye gari bovu, ile ya kubonyezwa, akanipa. Akasema pepani, pole, kwa Kichewa chao, na akaondoka. Sikutaka kumpenda, Papa. Nimejaribu na imeshindikana.

Swichi nimeifunga kwenye mdomo wa buti, na njiani nimeweka fyuzi. Ukifungua buti, taa inawaka. Ukifunga, inazima. Waya wako haukukatwa, umeunganishwa tu, na viungo vyangu nimevifunga kwa kitenge na nta. Mkono wangu bado si kama wako, lakini mtu akiangalia atajua tumetoka nyumba moja. Agogo akauliza, kwa hiyo sasa gari haihitaji tena mtu wa kuilaza? Nikasema haihitaji. Akasema vizuri, lakini alisema akitazama chini, na nilijua ni lile pazia lake analifikiria.

Tangu siku ile anapiga simu asubuhi kuniambia imewaka. Ananipigia hata kama sijauliza. Akina mama wa kanisani amewaambia hukuwa unarudi kuendesha, ulikuwa umemwachia taa. Wawili wao wameniita tayari kwa kazi.

Sasa ndiyo mwisho uliokuwa unaukimbilia.

Nilirudi kambini siku hiyo usiku umeshaingia. Nikawasha taa yangu, nikakaa kitandani na viatu. Na kwenye ufa wa ukuta, pale juu ambapo udongo umepasuka, nikaona mwanga wa upande wa Mama Riziki. Mwanga ule nauona kila siku tangu uende. Unakuwepo mpaka usingizi unanichukua, na mi sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamke mzima, aliyechoka na cherehani, halali. Papa, alikuwa anangoja kama mimi. Tulikuwa watu wawili na ukuta mmoja, kila mmoja na taa yake, tunamngoja mtu mmoja aulize.

Nikasogea ukutani. Nikasema, "Mama Riziki, umelaza?"

Nikaogopa kwamba nimemkosea, kwamba nimechukua kitu ambacho si changu. Kisha mwanga kwenye ufa ukazima.

"Nimelaza, mwanangu."

Nikamsikia analia, na mi nikalia upande wangu. Nikachomoa waya mweusi, nikalala na giza kama zamani.

Jioni zote zilizofuata nimemuuliza. Mi hakuna anayeniuliza, Mama Riziki akishajibu analala. Nilipokuwa nimelala pale gizani bila kuulizwa njo nilikufikiria we. Miaka yote ile ulimuuliza Mama Riziki, uliniuliza mi, Pejo uliisemesha. Na we ni nani alikuwa anakuuliza? Sikumbuki mtu. Ulikuwa unazima taa yako wa mwisho, peke yako, na hakuna aliyejua kama umezima.

Kwa hiyo nakuahidi hivi, na we unajua mi nikiahidi naudhi watu mpaka nitimize. Mama Riziki nitamuuliza kila jioni, nikiwa nimekasirika, nikiwa mgonjwa, na nikiwa Lilongwe nitambipu. Waya zako ndani ya Pejo hakuna atakayezing'oa maadamu niko. Na yeyote nitakayemfundisha kazi hii, nitamfundisha na swichi, na nitamfundisha na kulaza.

Jua linashuka nyuma ya mabati, mkono umeanza kuganda kwa baridi. Nafunga garaje. Betri ya mteja nimeiingiza ndani, usinitazame vile. Lakini mbele ya kwenda nikuulize kitu ambacho sikuwahi kukuuliza.

Papa Riziki, na we umelaza?

Mi nimelaza.

Mwajuma, Kindu wako